Kaki ya Babu: rangi za askari wa udongo, na rangi za kuepuka

Sehemu ya 1

Najua mmezoea nikija hapa naongelea chanjo, homa za usiku na uji wa mtoto wa miezi sita. Leo naongelea rangi. Nivumilieni, kwenye afya nitafika, tena kwa mlango ambao wengi hamuutegemei.

Likizo hii watoto wa mtaani kwetu Ruhembe wameshikwa na ugonjwa mmoja: kufinyanga askari. Udongo wanachota kwenye kichuguu, wanakanda, wanatengeneza watu warefu kama kidole cha kati, wanaanika kivulini wasipasuke. Mwanangu wa darasa la tano ndiye jenerali wao. Kuna mtu mzima aliwaambia kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa hapa kwetu, basi imekuwa balaa.

Na ni kweli ilipita. Agosti 1916 kikosi cha upande wa Waingereza, kikiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, kiliingia Kilosa. Septemba kikawa kimefika Kidodi, na Wajerumani wakarudi nyuma kuvuka Ruaha Mkuu. Hii njia yetu ya kwenda na kurudi sokoni, ambayo leo tunapishana na matrekta ya miwa, mwaka ule walipishana watu wenye bunduki na watu wenye mizigo kichwani.

Sasa mwanangu akaja na swali. Nyumbani kwetu tumekua tukiambiwa kwamba baba yake bibi, yaani babu yangu mkubwa, alikuwa "askari wa Mjerumani". Mtoto kafinyanga mmoja, kamnyoosha mgongo vizuri, akasema huyu ndiye babu. "Mama, alivaa rangi gani?" Mkononi ameshika kopo la rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki jirani alipopaka geti.

Nikamwambia ngoja. Ngoja ya kwanza ni kwa sababu sijui kama babu alivaa nyekundu. Ngoja ya pili ni kwa sababu ya kopo lenyewe, na hiyo nitaieleza mwishoni.

Sehemu ya 2

Mtu akikwambia "askari wa zamani walivaa kaki", amekwambia kitu kidogo sana. Kaki ni neno lililotufikia kutoka India, kwa Kiurdu, na maana yake ni "ya vumbi". Na vumbi lina rangi ngapi? La Mikumi si la Kilosa, na la barabara ya mashamba ya miwa si la uwanja wa shule.

Halafu sisi tunaofua nguo tunajua jambo ambalo wanaume walioandika vitabu vya sare hawalisisitizi vya kutosha. Kaka zetu wengi walivaa kaptula za kaki shuleni. Kaki ya Januari si kaki ya Novemba. Januari ina rangi ya ugali wa mtama, nzito. Ukifika Novemba, baada ya sabuni na jua la mwaka mzima, makalio yamekuwa meupe na mishono tu ndiyo imebaki na rangi yake. Askari wa mwaka 1916 walilala na nguo ile ile, wakavuka nayo mito, wakaifua bila sabuni. Kwa hiyo ukipaka kikosi kizima rangi moja safi, umepaka askari wa siku ya kugawiwa sare, hujapaka askari wa vitani.

Lakini kuna mambo yanayojulikana vizuri, na nimeyatafuta kwa wiki mbili usiku watoto wakishalala.

Askari wa Mjerumani alivaa koti na suruali za kaki. Kichwani alikuwa na tarbushi, ila ile ya kazini ilifunikwa kitambaa cha kaki kilichoshuka nyuma kukinga shingo na jua, na mbele kulikuwa na tai wa chuma mwenye rangi ya fedha. Mkanda na mifuko ya risasi ilikuwa ya ngozi ya kahawia. Miguuni, kuanzia kifundo hadi chini ya goti, alizungusha kitambaa kirefu, namna ile ile tunavyofunga bendeji mtu aliyeteguka. Kitambaa hicho kabla ya vita kilikuwa cha buluu iliyoiva. Watu wengi wanasahau buluu hii. Ndiyo inayomfanya askari mdogo wa udongo apendeze ghafla, maana kila kitu kingine ni vumbi tupu.

Askari wa Mwingereza, wa kikosi cha KAR, naye alivaa kaki, lakini yeye kaptula. Kichwani vitani alivaa kofia ya duara ya kaki, fupi, nayo ina kitambaa cha shingo. Alikuwa na sweta ya buluu nzito kwa ajili ya baridi, na miguuni vitambaa vya buluu vilevile. Wengi wao walitembea pekupeku au na makubazi. Kwa hiyo mama, ukiona mtoto anampaka askari wa KAR buti nyeusi zinazong'aa, mwambie azitoe, huyo ni wa sinema.

Kisha vita ikaharibu mpangilio wote. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na nguo kutoka Ujerumani hazikuingia tena. Meli mbili tu zilipenya na shehena, moja Aprili 1915 upande wa Tanga na nyingine Machi 1916 kule Sudi, Lindi. Kwa hiyo watu walisokota pamba na kufuma nguo hapa hapa nchini. Waliozisokota walikuwa wanawake. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliandika kitabu baada ya vita, na tafsiri yake ya Kiingereza inapatikana bure mtandaoni. Mle anaeleza jinsi walivyotafuta rangi ya kuchovya vitambaa hivyo, wakapata iliyotoka kwenye mti aliouita ndaa. Rangi yake ilikuwa manjano inayoelekea kahawia, na aliipenda kwa sababu haikuonekana porini wala kwenye majani.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Jeshi la Ulaya limeishiwa, limekuja kuomba rangi kwenye mti wa Mwafrika!

Kwa hiyo askari wa Mjerumani wa mwaka 1914 na wa mwaka 1917 si rangi moja. Yule wa mwanzo amevaa kaki ya kiwandani, na yule wa baadaye amevaa pamba ya kufumwa kwa mkono yenye manjano ya mti, tena kila pipa la kuchovyea lilitoa rangi yake. Na Novemba 1917, walipovuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, walipata bunduki, risasi, chakula na nguo. Baada ya hapo askari wa Mjerumani akavaa ya Mreno.

Na kuna lingine linalochanganya zaidi. Mwaka huo huo wa 1917 Waingereza walikiunda upya kikosi cha 6 cha KAR, na waliowaingiza humo ni askari waliokuwa wa Mjerumani, waliotekwa au waliotoroka. Mtu yule yule, miguu ile ile, kofia mbili. Ndiyo maana kama mzee wenu aliwaambia mara alikuwa wa Mjerumani, mara wa Mwingereza, msimcheke. Inawezekana kabisa alisema kweli mara zote mbili.

Sehemu ya 3

Mmeniuliza: si kuna picha? Picha zipo, nyingi tu. Mpiga picha mmoja Mjerumani, Walther Dobbertin, aliishi Dar es Salaam akapiga askari, masoko, reli, mpaka vita vyenyewe. Picha zake zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani na unaweza kuziona kwa simu. Tatizo ni kwamba ni nyeusi na nyeupe.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana nilidhani naijua nyeusi na nyeupe mpaka nilipoanza kusoma. Vioo vya picha vya miaka ile havikuona rangi kama macho yetu yanavyoona. Vingi havikuona nyekundu kabisa. Kitu chekundu kwenye picha kilitoka cheusi, kama kaa la moto lililozimika. Buluu nayo waliiona kupita kiasi, ikatoka nyepesi kuliko ilivyo. Ndiyo maana anga kwenye picha za zamani ni jeupe tupu, hata siku ya jua kali.

Fikirieni maana yake. Ukiona kwenye picha ya zamani tarbushi nyeusi tii juu ya koti jepesi, usikimbilie kupaka nyeusi, inaweza kuwa nyekundu. Ukiona tarbushi ina rangi sawa na koti, hiyo imefunikwa kaki. Na vile vitambaa vya miguuni vikionekana vya kijivu hafifu, bado vinaweza kuwa buluu. Mtoto wangu alielewa haraka kuliko mimi. Alichukua picha moja akaanza kunionyesha, "Mama, hiki cheusi ni chekundu au ni cheusi?" Nikamwambia angalia ngozi ya mkanda, angalia viatu, linganisha. Tukakaa hapo mpaka chaji ikaisha.

Kuna pia kadi za posta za enzi hizo zenye rangi. Jihadharini nazo. Rangi nyingi ziliongezwa baadaye kiwandani Ulaya juu ya picha nyeusi na nyeupe, na mpakaji hakuwahi kumwona askari wala kukanyaga Kilosa. Majani ameyapaka kijani cha Ulaya, na watu wote ngozi moja ya kahawia kama wamezaliwa tumbo moja.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam nayo haitusaidii kwenye rangi. Ilisimamishwa mwaka 1927, ni ya shaba. Umbo inakupa, vile nguo inavyokaa mwilini inakupa, ila rangi ni ile ya shaba na kinyesi cha ndege.

Kwa hiyo picha inakupa umbo na giza, kitabu kinakupa jina la rangi, na nguo yenyewe kama imebaki inakupa rangi baada ya kuchakaa. Vikikubaliana vitatu, paka. Vikigombana, kwangu mimi kinachoaminika zaidi ni mtu aliyeivua na kuifua. Na kwetu huyo alikuwa bado hai kwa njia ya binti yake.

Sehemu ya 4

Jumapili nikampakia mwanangu tukaenda Kidodi kwa bibi. Bibi yangu ameshapita miaka 80, macho yamepungua, lakini akili iko kamili. Tukamwamkia, akatuitikia, akamwita mwanangu "mume wangu" kama kawaida yake, tukakaa kwenye mkeka.

Mtoto hakungoja. "Bibi, baba yako alivaa tarbushi ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Mwanangu akanitazama kwa ushindi. Nikamuuliza bibi taratibu, kama ninavyowauliza kina mama wanaponiambia mtoto ana homa: uliiona mwenyewe, au uliambiwa?

"Niliiona Kilosa. Askari walikuwa wamesimama mistari, mimi mdogo nimebebwa mgongoni." Hapo nikajua amesema kweli, ila si ya babu. Bibi alizaliwa baada ya vita ile kwa zaidi ya miaka 20. Alichoona ni gwaride la enzi za Mwingereza, na ni kweli kabisa kwamba baadhi ya vikosi vya KAR vilivaa tarbushi ndefu nyekundu siku za gwaride.

"Na baba yako je? Alikuwa na nguo gani ya vita?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Nguo? Baba alikuwa na blanketi."

Blanketi la kijivu, lenye mstari pembeni. Alirudi nalo, likatumika mpaka likawa tambara la kufunikia mtungi. Na kibati cha shingoni, cha mviringo, kina tundu la kupitisha kamba na namba zimegongwa. Bibi alikichezea utotoni. Kilipotea nyumba ilipoungua.

Mimi ni muuguzi, jamani, maswali yangu yanakwenda mwilini. Nikamuuliza babu alikuwa na alama yoyote ya risasi, kovu lolote? Bibi akagusa bega lake la kulia. "Hapa alikuwa na sugu. Ngumu kama kisigino. Sisi watoto tulikuwa tunaigonga." Na utosini nywele hazikuota vizuri.

Halafu akaongeza jambo bila kuulizwa. Baba yake alikuwa msumbufu wa ugali. Mama yao akipika, anakuja mwenyewe jikoni, anamega, ananusa, anafinya kwa vidole. Kama haujaiva vizuri hali, hata alale njaa. Na watoto wake hawakuruhusiwa kula ugali uliopikwa haraka haraka.

Nikabaki namwangalia mwanangu, yeye hajaelewa. Mimi nilikuwa nimeshasoma.

Upande wa Waingereza peke yake, vita hii ya Afrika Mashariki ilichukua wapagazi karibu milioni 1. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Ndiyo hiyo hiyo Kariakoo mnayokwenda kununua vitenge, pale palikuwa na kambi yao. Kila mmoja aliandikishwa, akapewa namba kwenye kibati na blanketi. Waliokufa, makadirio ya chini huanzia watu 95,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache kati yao. Waliobaki waliuawa na kuhara, kuhara damu, malaria na nimonia. Na moja ya sababu kubwa ya matumbo yale ilikuwa chakula. Watu waliotoka sehemu za kula wali, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi waliouona mgeni, wamefika kambini giza limeshaingia, kuni zimelowa, sufuria chache. Wakala unga haujaiva, siku baada ya siku. Upande wa Mjerumani wapagazi nao walikuwa wengi mno, na hao hata namba hawakupewa, kwa hiyo hesabu yao haipo.

Nikamwambia bibi polepole: bibi, naona baba yako hakuwa askari. Alikuwa mpagazi.

Sikujua atapokeaje. Ni jambo zito kumwambia mzee wa miaka hiyo kwamba hadithi ya nyumba yake ina kiraka. Akanijibu hata hajashtuka: "Askari mlisema ninyi. Yeye alikuwa anasema tu, nilikwenda vitani."

Sehemu ya 5

Njiani kurudi mtoto alikuwa kimya kwenye bodaboda, na huyu si mtoto wa kukaa kimya. Tulipofika akasema, "Sasa nimpake nini? Hana sare."

Namwelewa. Alitaka tai wa fedha, alitaka buluu miguuni. Na sitawaficha, hata mimi kuna kitu kilinichoma. Kwa miaka yote "babu askari" ilikuwa inatupa kichwa juu. Lakini nami nilijikumbusha askari huyo wa kaki alikuwa nani kwa watu wa huku miaka 10 tu kabla. Kwenye Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliovaa kaki ile ile ndio waliochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza vijiji vya kusini. Bibi zetu waliokimbia Mahenge na watoto migongoni walikimbia rangi hiyo hiyo. Kaki si rangi ya sifa peke yake. Mtoto anaweza kuipenda, na anaweza kuambiwa pia.

Tukaamua hivi. Askari wengine wapakwe kama tulivyosoma. Babu asipakwe mwili. Abaki udongo wake, maana udongo wa kichuguu uliokauka una rangi ya ngozi ya mtu wa huku kuliko rangi yoyote ya kopo. Apewe blanketi la majivu begani, kibati cha karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, na sanduku la risasi kichwani. Sanduku lilimshinda mara mbili, shingo ilikuwa inavunjika. Kwa udongo mbichi shingo haibebi sanduku, ikabidi aweke kijiti ndani. Nilimwangalia anavyohangaika nalo nikakaa kimya.

Kisha akafinyanga wapagazi wengine 11. Kwa askari wanne aliokuwa nao hiyo ndiyo hesabu inayokaribia ukweli kuliko jeshi lote lile la mwanzo, maana katika vita ile waliobeba walikuwa wengi kuliko waliopiga.

Na kina mama wenzangu, msiache hili. Kwenye safu ya Mjerumani walikuwepo wanawake. Wake wa askari walitembea na jeshi, mizigo kichwani na watoto mgongoni, mamia ya kilomita. Huyo huyo von Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba wanawake hao walipenda rangi kali, na baada ya kuteka mali ya adui msafara wote, maili kadhaa, ulionekana kama watu wanaokwenda kwenye sherehe. Mimi hapo ndipo nilipata picha ya jeshi lile kwa mara ya kwanza. Kaki, kaki, kaki, halafu ghafla nyekundu, njano, nyeupe yenye maua, na kichwa cha mtoto kinachungulia. Binti zangu waliokuwa wanasema huu ni mchezo wa wavulana sasa wana kazi nyingi kuliko wao.

Sehemu ya 6

Sasa lile kopo.

Rangi za mafuta zinazong'aa, hasa nyekundu, njano, rangi ya chungwa na kijani, baadhi huwekwa madini ya risasi ili ziwe kali na zidumu. Kwa Kiswahili neno ni moja, risasi ya bunduki na risasi ya kwenye rangi, na zote zinaua, ila hii ya pili haina mlio. Mtoto akilamba kidoli kilichopakwa, akila vipande vinavyobanduka, akiweka vidole vyenye vumbi la rangi mdomoni, madini yanaingia. Mtoto mdogo huyafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile. Yanakwenda kwenye damu, mifupa na ubongo. Upungufu wa damu, tumbo kuuma, kufunga choo, halafu mtoto anakuwa mzito darasani na hakuna anayejua kwa nini. Mara nyingi huoni dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na zahanati nyingi hatuna kipimo chake, kwa hiyo msingoje nipime.

Zamani hata askari wenyewe wa kuchezea walikuwa wa risasi tupu. Kiwanda maarufu cha Britains cha London kiliwatengeneza hivyo tangu 1893, na kiliacha mwaka 1966. Kwa hiyo mtu akikuletea "askari wa zamani" wa chuma kizito laini, weka juu kabatini. Na vijana wanaoyeyusha risasi ya betri chakavu jikoni ili wamwage kwenye kibao, au watengeneze vizito vya nyavu, wafukuzeni. Moshi ule na vumbi lake vinabaki kwenye sakafu ambayo mtoto anatambaa.

Kwa hiyo sisi tunapaka hivi.

Kaki: vumbi. Sijatania, neno lenyewe ndilo hilo. Chota vumbi laini mbali na barabara kubwa na mbali na gereji, lipitishe kwenye kitambaa chepesi, changanya na uji mwembamba wa unga wa muhogo uliopoa. Ukitaka kaki ya Mjerumani ya mwaka 1917, tia bizari ya manjano kidogo sana. Nyekundu ya tarbushi ya gwaride ni udongo mwekundu uliochekechwa. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, au msimu huu wala usihangaike, masizi ya miwa inayochomwa yanatuangukia wenyewe kwenye nguo tulizoanika. Kijivu cha blanketi ni majivu na mkaa kidogo, ila majivu achanganye mtu mzima, yanawasha macho. Chokaa msiwape kabisa, inaunguza.

Buluu ndiyo ngumu, ardhi yetu haina. Tunatumia bluu ya kufulia nguo nyeupe, punje ndogo, na mkaa kuifanya iive. Hiyo apake mkubwa na ikae mbali na mdomo wa mdogo.

Jaribuni kwanza kwenye kigae na mngoje ikauke, maana rangi hizi zikiwa mbichi ni nzito na zikikauka zinakuwa nyepesi. Kisha muifanye nyepesi kidogo zaidi ya nguo yenyewe. Kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya nguo kinaonekana cheusi. Kumbukeni kanga ya jirani ikiwa kwenye kamba ng'ambo ya shamba, imepauka kuliko ukiishika mkononi. Askari wa urefu wa kidole ni kama mtu unayemwona kwa mbali.

Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Kitafunwe kabla ya kuanza, kikishaingia kwenye rangi kisirudi mdomoni. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Na dagaa na mboga za majani zisikosekane sahanini, kwa sababu mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Aliyeshapaka vidoli kwa rangi ya geti asikwangue, kukwangua ndiko kunakotoa vumbi. Fungia kwenye mfuko, ondoa nyumbani, futa mahali pale kwa kitambaa kibichi. Kama mtoto amekuwa akivitafuna, mlete, na umwambie mhudumu wazi kwamba ni rangi, usiseme tu tumbo.

Kuna mama ameniuliza kama babu yake aliyekuwa na "barua ya Mjerumani" alikuwa askari kweli. Dada, itunze hiyo barua kwenye nailoni, isipate unyevu, na usiibandike gundi. Ipige picha pande zote mbili unitumie, tutaisoma pamoja wiki ijayo. Kesho asubuhi ni kliniki ya watoto, njooni na kadi.